Deikea au Chekechea: Nani Atamwitikia Mtoto?

Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali



Najua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mmekuja na watoto mgongoni kwa sababu hapakuwa na wa kuwaachia. Waliokuja na watoto wasione haya. Mtoto akilia, mnyonyesheni au mtoke naye nje kidogo, mimi nitaendelea. Mkutano huu ni wa kwao.

Swali nililoletewa ni hili: mtoto wa miaka miwili na nusu, mitatu au minne, apelekwe deikea au aanze chekechea? Nimeulizwa swali hili kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa la awali, kisha nikiwafundisha walimu. Huniuliza mama aliyebakiza wiki mbili arudi kazini. Huniuliza baba ambaye dada wa kazi amemuaga Jumapili jioni na kesho yake ni Jumatatu. Huniuliza bibi aliyeletewa mjukuu kutoka mjini na anaona majirani wote wamewavalisha wajukuu wao sare. Kila mmoja anataka jibu la neno moja. Leo nitawapa jibu, lakini nawaomba mnivumilie nifike huko taratibu, kwa sababu nimeona watoto wengi wakilipia haraka ya watu wazima.

Tuanze na maneno. Wazee wetu walisema shule ya vidudu. Likaja neno chekechea, likakaa. Siku hizi mabango yameandikwa deikea, neseri, akademi, Montessori, na mara nyingine yote manne juu ya geti moja. Nyuma ya mabango hayo, hapa Tanzania, serikali inatambua vitu viwili. Kituo cha kulelea watoto mchana kilikuwa na sheria yake tangu 1981, na sasa kimo ndani ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kinasimamiwa na upande wa ustawi wa jamii, kwa hiyo anayepaswa kukitembelea na kukikagua ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Darasa la awali ni mali ya Wizara ya Elimu. Lina mtaala wa taifa, mwalimu wake anapaswa awe amesomea kazi hiyo, na anayelikagua ni mthibiti ubora wa shule. Jirani zetu wa Kenya wameyaweka mambo haya mawili katika mstari mmoja: Jedwali la Nne la Katiba yao ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Sisi tumeyaweka katika ofisi mbili, na mzazi ndiye anayetembea katikati.

Sasa tuhesabu pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Kliniki wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anayenyonyesha atumie hadi saa mbili za siku ya kazi kwa ajili hiyo, na ni haki ambayo wanawake wengi hawajui kwamba wanayo. Anayeuza samaki soko la feri, anayeuza mitumba, anayefua nguo za watu, huyo hana likizo hata ya siku moja. Upande wa pili, sera yetu ya elimu katika toleo la 2023 inataka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita, baada ya mwaka mmoja wa awali. Maana yake taifa linamtarajia mtoto darasani akiwa na miaka mitano. Kati ya wiki ya 12 na mwaka wa tano kuna pengo la zaidi ya miaka minne na nusu. Nani anamshika mtoto katika pengo hilo? Hapo ndipo lilipo swali letu la leo.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, basi, mambo si kama mabango yanavyoonyesha. Chekechea inayompokea mtoto wa miaka miwili na nusu ni mahali pa kulelea mtoto, hata akivalishwa tai na kupewa begi. Ana mahitaji ya mtoto wa miaka miwili na nusu: kubadilishwa nguo, kulishwa bila haraka, kulala mchana, kubebwa anapolia. Kama mahali hapo hawana mtu wa kuyafanya hayo kwa sababu wao ni shule, mtoto atakaa na nguo mbichi huku mwalimu akiandika ubaoni. Na deikea nzuri inayompokea mtoto wa miaka minne ni mahali pa elimu, hata kama hakuna ubao, kwa sababu mtoto wa miaka minne anajifunza tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba.

Historia inatuambia jambo hilohilo. Jina la Maria Montessori limeandikwa kwenye magari na kuta za miji yetu yote. Alikuwa daktari, Mwitalia. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa vibarua. Majengo yalikuwa yamekarabatiwa, familia zikahamia, baba na mama wakawa wanakwenda kazini kutwa nzima. Watoto ambao hawajafika umri wa shule wakabaki wakizurura ngazini na kuharibu kuta. Wenye majengo walitaka mtu wa kuwatazama, kwisha. Yaani kilichoanzishwa San Lorenzo kilikuwa deikea ya watoto wa watu maskini! Daktari yule alipoingia akawatengenezea viti vinavyolingana na miguu yao, akawapa vitu vya kumimina, kupanga na kufunga vifungo, akakaa akawatazama. Humo ndimo ilimozaliwa njia ya kufundisha ambayo leo watu wanaitoza ada kubwa kama alama ya shule ya kitajiri.

Na sisi tunayo ya kwetu. Mombasa, katika miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanatoka chuoni wakijua Kurani lakini wanabaki nyuma wanapoingia shule za msingi. Wakisaidiwa na Taasisi ya Aga Khan, walianzisha madarasa ya awali ndani ya madrasa. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Wanawake wa mitaa ileile walifundishwa ualimu wa watoto wadogo, wakatumia vifuu, makopo, kokoto na vitambaa badala ya kusubiri vifaa vya kununua, wakafundisha kwa lugha ya nyumbani bila kuiacha dini. Kutoka Mombasa mpango huo ukavuka kwenda Zanzibar na Uganda. Ninaposikia mtu akisema elimu nzuri ya mtoto mdogo ni lazima iwe ghali, huwa nawakumbuka wale mama wa Mombasa na vifuu vyao.

Tuje sasa kwenye kiini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya mtoto mdogo wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Mpango wetu wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, uliozinduliwa Desemba 2021, umesimama juu ya nguzo hizo hizo. Nne kati yake kila mzazi anazielewa bila kufafanuliwa. Ya katikati, malezi yenye mwitikio, ndiyo inayopita masikioni mwa watu kama maneno ya semina, na mimi nadhani ndiyo inayobeba nyingine zote.

Mwitikio ni nini? Mtoto wa mwaka mmoja yuko uani. Anaona kunguru, ananyoosha kidole, anasema “uu!” Mtu mzima aliye karibu anageuka, anatazama kilekile anachokitazama mtoto, anamwambia, “Eeh, kunguru huyo. Kachukua nini? Karuka, kaenda zake.” Basi. Hicho ndicho kipindi kizima cha somo. Mtoto ameita, ameitikiwa. Amejifunza neno, amejifunza kwamba sauti yake ina nguvu, amejifunza kwamba duniani kuna mtu wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wanakadiria kwamba katika miaka hiyo ya mwanzo ubongo unajenga miunganiko mipya zaidi ya milioni moja kila sekunde, na kinachoiimarisha ni huku kuita na kuitikiwa. Mtoto akiita asipoitikiwa, akaita tena, na tena, siku baada ya siku, hatimaye ananyamaza. Nawaomba msimsifie mtoto wa aina hiyo kwamba ana adabu. Mtoto wa miaka miwili aliyekaa kimya kutwa nzima amekata tamaa.

Kuna majaribio mawili yaliyofanyika Marekani ambayo ningependa kila mzazi anayeuliza swali letu ayajue. La kwanza lilianza 1962 katika mji wa Ypsilanti, Michigan. Watoto 123 wa familia maskini walichaguliwa, wakagawanywa: 58 wakaingia katika shule ya awali ya Perry wakiwa na miaka mitatu au minne, wengine hawakuingia. Shule ilikuwa ya saa mbili na nusu tu asubuhi, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kukaa na mama na mtoto. Hiyo ni chekechea. La pili lilianza 1972 kule North Carolina, linaitwa Abecedarian. Watoto 111, nusu yao wakapelekwa kituoni wakiwa bado wachanga wa miezi michache, kutwa nzima, siku tano kwa wiki, karibu mwaka wote, mpaka miaka mitano. Hiyo ni deikea. Watoto hao walifuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Wa Perry, walipofika miaka 40, walikuwa na kipato kizuri zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Wa Abecedarian walisoma zaidi, wengi zaidi wakafika chuo kikuu, na hata afya zao ukubwani zilikuwa bora.

Angalieni: chekechea ya saa mbili na nusu ilifaulu, deikea ya kutwa ilifaulu. Zilifanana wapi? Watoto walikuwa wachache kwa kila mlezi. Walezi walikuwa wamefundishwa kazi yao na walikaa, hawakuwa wakibadilishwa kila baada ya miezi miwili. Siku yote ilijaa mazungumzo na michezo, na nyumbani hapakuachwa nyuma. Nimesoma habari za majaribio hayo mara nyingi, na kila mara ninatoka na jambo lilelile: jina la mahali halikuwasaidia watoto wale. Waliowasaidia ni watu waliokuwa mahali hapo.

Nawaambia haya nikiwa pia mzazi. Mwanangu wa pili nilimpeleka kituo ambacho nilikipenda kwa macho. Rangi ukutani, bembea mpya, walezi wamevaa aproni zinazofanana. Nilikwenda kukitazama Jumamosi, siku ambayo watoto hawapo. Kosa langu lilikuwa hapo. Baada ya miezi miwili mtoto aliyekuwa akiimba kutwa akaacha kuimba. Akaanza kung'ang'ania kanga yangu kila asubuhi. Nilijiambia anazoea. Siku moja niliachiliwa kazini mapema, nikafika pale saa nane mchana bila taarifa. Watoto kama thelathini walikuwa sakafuni mbele ya televisheni, mlezi mmoja mlangoni na simu yake, wa pili ametumwa dukani. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni na kaptula mbichi, hatazami televisheni, hatazami chochote. Nilimbeba nikaondoka naye. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Lakini siku ile sikuwaza skrini. Niliwaza kwamba kwa miezi miwili mwanangu alikuwa anaita, hakuna aliyeitika.

Mlezi niliyempata baadaye hakuwa na bembea. Alikuwa bibi wa mtaani, mjane, anawatazama watoto saba wa wauza sokoni kwenye mkeka chini ya mwembe. Asubuhi uji, mchana wali na maharage au mchicha, kisha wote wanalala mstari mmoja. Alikuwa akimwita kila mtoto kwa jina lake na jina la babu yake. Akichambua mchele, nao wanachambua. Akifagia, wawili wana fagio zao ndogo. Alikuwa anawasimulia visa vya sungura na fisi wakati anasuka ukili, na wao wanamkatiza, na yeye anakubali kukatizwa. Mwanangu alianza kuimba tena kabla ya wiki mbili kwisha.

Msinielewe vibaya nikaonekana nasema mkeka wa bibi unatosha. Pale palikuwa na jiko la mkaa lisilo na uzio na pipa la maji lisilo na mfuniko. Siku bibi alipougua hapakuwa na wa kushika zamu. Hakuwa amesajiliwa, na mtoto angepata ajali hakuna ambaye angejua aanzie wapi. Kila nikifikiri juu ya yule bibi, nafikiri pia jinsi ambavyo halmashauri ingeweza kumfaa: mafunzo ya siku chache, mfuniko wa pipa, uzio wa jiko, sanduku la huduma ya kwanza, mlezi wa pili, afisa wa kupita kila mwezi. Gharama yake ni ndogo. Wanawake kama yeye ndio wanaowashikilia watoto wa nchi hii wakati mama zao wanatafuta chakula, na wengi wetu tunawajua tu siku ambayo jambo baya limetokea.

Nije kwa wale wanaoikimbilia chekechea mapema ili mtoto “asichelewe.” Naambiwa sana: mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Kweli, lakini kukunja si kuvunja. Nimeona watoto wa miaka mitatu wakipewa kazi ya nyumbani ya kurasa mbili za herufi. Mtoto anapozaliwa, ile mifupa midogo minane ya kifundo cha mkono bado ni gegedu. Inakomaa mmoja mmoja kwa miaka kadhaa. Mkono wa mtoto wa miaka mitatu hauko tayari kukaa juu ya mstari, na kumchapa hakuikomazi mifupa. Kinachouandaa mkono huo ni kukanda udongo, kumenya karanga, kukamua kitambaa, kufunga vifungo vya shati, kucheza mdako. Kinachouandaa ulimi na kichwa ni vitendawili, hadithi na kujipikilisha kwenye vifuu, ambako mtoto mmoja ni mama, mwingine ni mteja, na wote wanajadiliana bei. Mtaala wetu wa awali wenyewe unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo na apange kona za kujifunzia. Anayewafunga watoto kwenye madawati wakariri kutwa anakwenda kinyume na mtaala huo, hata kama wazazi wanamsifu siku ya mahafali.

Usingizi pia ni sehemu ya elimu. Mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha usingizi wa mchana. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana yake ameamshwa saa kumi na moja. Jana yake alisubiri baba arudi, akalala saa nne usiku. Amelala saa saba. Atalala kwenye kiti cha gari huku kichwa kikigonga dirisha, atafika amechoka, na saa tatu mwalimu ataandika kwenye daftari kwamba mtoto hana umakini. Kituo cha wastani kilicho dakika kumi kutoka nyumbani ni bora kwa mtoto huyu kuliko shule yenye sifa iliyo upande wa pili wa jiji. Hapa sina shaka hata kidogo. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa kuwa mtoto wa umri huo anahitaji kuwa karibu na wazazi wake. Hoja hiyohiyo inaufaa muda anaoupoteza barabarani.

Kuhusu Kiingereza nitasema machache. Mtoto anayeishi kwa Kiswahili nyumbani, ukimweka kutwa nzima na mlezi anayebabaisha Kiingereza cha amri, “sit down, keep quiet,” umemnyima mazungumzo katika umri ambao anayahitaji kuliko chakula cha pili. Mlezi azungumze na mtoto kwa lugha anayoimudu vizuri. Lugha nyingine itakuja, na itakuta nyumba ina msingi.

Sasa jibu langu, kwa wale wanaosubiri. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, tafuta mlezi. Awe nyumbani, awe kwa bibi, awe kituoni, tafuta mtu mmoja ambaye mtoto atamjua na kumzoea, mwenye watoto wachache mikononi. Usitafute shule. Kati ya miaka mitatu na minne, tafuta mahali penye wenzake, penye nafasi ya kukimbia, penye mtu mzima anayezungumza. Paitwe deikea au chekechea, usijali, mradi mchana analala na asubuhi anacheza. Mwenye miaka mitano aingie darasa la awali, na kama la shule ya msingi ya karibu lina mwalimu mzuri, usione aibu kumpeleka hapo. Halina ada tangu 2016.

Hapo nagusa kidonda. Kiwango kinachotajwa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mnajua, na walimu mlioko hapa mnajua zaidi, kwamba madarasa mengi ya serikali yana watoto zaidi ya hao, mara mbili, mara tatu. Mwalimu mmoja hawezi kuwaitikia watoto themanini. Hata awe malaika. Na darasa lenyewe linakwisha kabla ya adhuhuri, wakati mama anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Mtoto wa miaka mitano anakwenda wapi mchana wote? Anabaki barabarani, au anafungiwa ndani na dada yake wa miaka tisa. Kwa familia nyingi hakuna kuchagua kati ya deikea na chekechea, kwa sababu wanahitaji zote mbili: darasa asubuhi na malezi mchana. Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Naiomba kila halmashauri, na madiwani mlioko hapa mnisikie, ifungue chumba kimoja katika shule ya msingi, iweke mikeka, uji na walezi wawili waliofunzwa, watoto wa awali wabaki hapo mpaka mama zao warudi. Sokoni pia panahitaji chumba cha namna hiyo. Tunajenga vizimba na vyoo vya soko, tunasahau kwamba wauzaji wengi wana watoto chini ya meza.

Nanyi wazazi, kabla shule hazijafunguliwa Januari, fanyeni hivi. Ombeni kuona cheti cha usajili, na kama ni kituo cha kulelea watoto, ulizeni ni lini afisa ustawi wa jamii alipita mara ya mwisho. Tazameni choo na mahali pa kunawia mikono kabla ya kutazama bembea. Ulizeni mlezi wa chumba cha mwanao amekuwa hapo kwa muda gani, na analipwa kila mwezi au anadaiwa subira. Mlezi asiyelipwa ataondoka, na mtoto ataanza upya na mgeni. Halafu nendeni saa nne asubuhi, siku ya kazi, bila kutoa taarifa. Kaeni kimya nusu saa. Msihesabu vifaa. Sikilizeni mtoto anapolia kunatokea nini, na mtoto anapouliza nani anajibu. Mkikatazwa kuingia, msiwaachie mtoto wenu.